Mishipa ya damu inapokuwa migumu: kinga yako ya mwili nayo ina mkono

"Lakini jana alikuwa mzima kabisa." Huenda umeyasikia maneno haya hospitalini au msibani. Mtu ameanguka ghafla akiwa kazini, au ameamka asubuhi mkono mmoja hauinuki na mdomo umekwenda upande. Kwa jinsi alivyoonekana, ni kweli, jana alikuwa mzima. Ndani ya mishipa yake ya damu, hata hivyo, tatizo lilikuwa limeanza miaka mingi kabla ya siku hiyo, bila maumivu yoyote.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 17.9 walifariki duniani kote kwa magonjwa ya moyo na mishipa ya damu. Zaidi ya wanne katika kila watano kati yao walikufa kwa mshtuko wa moyo au kiharusi. Chanzo kikubwa cha yote mawili ni mishipa ya damu kuwa migumu na myembamba kwa ndani.

Wengi wetu tumeelezwa kwamba mafuta huganda ndani ya mshipa kama yanavyoganda kwenye bomba la sinki, hadi siku bomba linapoziba. Maelezo hayo yana ukweli, lakini ni nusu tu. Nusu ya pili ni kinga ya mwili, yaani askari walewale wanaokulinda dhidi ya malaria, kifua kikuu na vidonda. Ukielewa wanachokifanya ndani ya mshipa, utaelewa pia kwa nini mtu anaweza kuanguka bila onyo, na kwa nini dawa za presha au za kolesteroli haziachwi kwa sababu tu unajisikia vizuri.

Mshipa si bomba

Mishipa tunayoizungumzia hapa ni ateri, ile inayotoa damu moyoni na kuipeleka kwenye ubongo, figo, miguu na misuli ya moyo wenyewe. Ateri ni nyama hai. Ina tabaka la nje linaloishikilia, tabaka la kati lenye misuli inayobana na kulegea, na tabaka la ndani. Sehemu inayogusana na damu imefunikwa na ngozi laini sana, yenye unene wa seli moja tu.

Ngozi hiyo ya ndani hufanya kazi mchana na usiku. Huamua nini kipite kutoka kwenye damu na nini kisipite, huzuia damu isigande ovyo, na huuambia mshipa utanuke au ubane. Ikiwa nzima, damu huteleza juu yake na chembe za kinga hupita bila kusimama. Ikichoka au kuumia, huanza kunata na kuita msaada.

Uvimbe ni nini?

Ukichomwa na mwiba, baada ya muda kidole hupata joto, hubadilika rangi, huvimba na kuuma. Hiyo ni kazi ya kinga. Damu nyingi zaidi imeletwa pale, na chembe nyeupe zimetoka kwenye mishipa kwenda kupambana na vijidudu na kuondoa seli zilizokufa. Katika makala haya tunaposema "uvimbe" tunamaanisha hali hiyo ya kinga kuwa vitani, si uvimbe wa saratani.

Uvimbe wa kidole una mwanzo na mwisho. Mwiba ukitoka, kinga hutulia na kidonda hufunga. Shida huja pale kinachoichokoza kinga kisipoondoka. Vita huwa vidogo lakini haviishi, na mwisho wake sehemu iliyokuwa ikilindwa ndiyo inayoumia. Hivyo ndivyo inavyotokea ndani ya ateri.

Vita vinavyoanza

Kolesteroli, ambayo baadhi ya vitabu huiita lehemu, haiwezi kusafiri peke yake kwenye damu. Hubebwa ndani ya vifurushi vidogo. Aina mojawapo ya vifurushi hivyo huitwa LDL. Utaziona herufi hizo kwenye karatasi ya majibu ya maabara. Mwili unahitaji kolesteroli kujenga seli na homoni. Lakini LDL ikizidi kwenye damu, na ngozi ya ndani ya mshipa ikiwa imeumizwa na presha, moshi wa sigara au sukari nyingi, baadhi ya vifurushi hupenya na kunasa ndani ya ukuta wa mshipa. Hii hutokea zaidi pale mishipa inapogawanyika, mahali ambapo damu haiendi kwa mtiririko ulionyooka.

Kifurushi kilichonasa huharibika kikemikali. Kinga inakiona kama kitu kigeni. Ngozi ya mshipa hutoa ishara, na chembe nyeupe zilizokuwa zikipita hushika pale, hujipenyeza ndani ya ukuta na kugeuka kuwa seli walaji. Kazi ya seli walaji ni kumeza uchafu, nazo humeza LDL ile iliyoharibika.

Kama LDL ingekuwa kidogo, usafi ungekwisha hapo. Lakini kila siku damu huleta nyingine. Seli walaji huendelea kumeza hadi hujaa mafuta na kuonekana kama povu zikitazamwa kwa hadubini. Zikishindwa kazi, hufa palepale, na mafuta yake humwagika ndani ya ukuta. Kabla ya kufa hutoa kemikali zinazoita askari wengine. Wanaokuja hukuta mafuta yameongezeka, nao humeza, hushiba na kufa.

Jina la kitaalamu la ugonjwa huu, atherosklerosisi, limeundwa na maneno mawili ya Kigiriki, moja lenye maana ya uji na jingine lenye maana ya ugumu. Katikati ya bonge kuna uji wa mafuta na seli zilizokufa. Juu yake, misuli ya mshipa hujenga kifuniko cha nyuzi ngumu ili kuuzuia usitoke. Baadaye chokaa hujikusanya humo, na mshipa uliokuwa ukinyumbulika hukakamaa.

Haya hayaanzi uzeeni. Mwaka 1953 madaktari wa Marekani walitoa taarifa ya uchunguzi wa mioyo ya askari 300 waliouawa katika vita vya Korea. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 22. Zaidi ya robo tatu yao walikuwa tayari na dalili za ugonjwa huu kwenye mishipa ya moyo.

Jipu linapopasuka

Mfano mzuri wa bonge hili ni jipu. Ndani kuna uji, juu kuna kifuniko. Tofauti ni kwamba hili haliumi, haliletwi na kijidudu kimoja, na haliwezi kukamuliwa.

Kifuniko kikiwa kinene, unaweza kuishi na bonge hilo miaka mingi. Lakini chembe za kinga zilizomo ndani hutoa vimeng'enya vinavyolegeza nyuzi za kifuniko. Uvimbe ukizidi, kifuniko hukonda. Siku moja, pengine presha ikiwa imepanda, hupasuka na uji ule hugusana na damu. Damu hudhani mshipa umekatwa, nayo huganda haraka ili kuziba jeraha. Donge la damu likiziba mshipa wa moyo, huo ni mshtuko wa moyo. Likiziba mshipa wa ubongo, hicho ni kiharusi.

Hapa ndipo jibu la "jana alikuwa mzima" lilipo. Bonge linalopasuka mara nyingi si lile kubwa kuliko yote. Linaweza kuwa halijaziba hata nusu ya njia ya damu, kwa hiyo mtu hutembea, hulima na kupanda ngazi bila kusikia chochote. Ukubwa wa bonge si hatari pekee. Kilicho muhimu sana ni kama vita ndani yake vimetulia au bado vinaendelea.

Tumejuaje haya?

Wazo lenyewe si geni. Daktari Mjerumani Rudolf Virchow aliandika katika miaka ya 1850 kwamba ugonjwa huu una sura ya uvimbe ndani ya ukuta wa mshipa. Mwaka 1913 Nikolai Anitschkow, nchini Urusi, aliwalisha sungura kolesteroli na kuona mishipa yao ikiharibika. Kwa miongo mingi baada ya hapo kolesteroli ndiyo iliyozungumzwa zaidi. Mwaka 1999 Mmarekani Russell Ross aliandika makala maarufu yaliyosema wazi kwamba huu ni ugonjwa wa uvimbe.

Jaribio lililoleta ushahidi mzito lilitangazwa mwaka 2017. Watu zaidi ya 10,000 waliowahi kupata mshtuko wa moyo, na ambao kipimo cha damu kiitwacho CRP kilionyesha bado wana uvimbe mwilini, waligawanywa katika makundi. Baadhi walichomwa sindano ya kanakinumabu, dawa inayozuia ishara moja ya kinga, na wengine sindano isiyo na dawa. Dawa hiyo haikushusha LDL. Hata hivyo, kwa waliopata kipimo cha kati, mishtuko ya moyo, viharusi na vifo vya moyo vilipungua kwa takriban asilimia 15. Kutuliza kinga peke yake kulisaidia.

Lakini waliopata dawa hiyo walikufa kwa maambukizi mara nyingi zaidi kuliko wale ambao hawakuipata, na idadi ya vifo vyote kwa jumla haikupungua kwa kiwango cha kutegemewa. Ukimpunguzia askari silaha, adui mwingine hupita.

Nini huchochea vita hivi?

Presha ya juu huipiga na kuichosha ngozi ya ndani ya mshipa kila moyo unapodunda. Sigara na shisha huiumiza moja kwa moja na kuamsha chembe za kinga. Moshi wa kuni na mkaa ndani ya jiko lisilopitisha hewa nao huleta uvimbe mwilini. Sukari inayokaa juu muda mrefu huharibu protini za mshipa. Mafuta ya tumboni, yale yanayozunguka ini na utumbo, hutoa kemikali za uvimbe wakati wote.

Magonjwa ambayo kinga hushambulia mwili wenyewe, kama lupasi na baridi yabisi inayovimbisha viungo, huongeza hatari ya moyo. Maambukizi makali nayo huchangia. Utafiti wa Kanada uliotolewa mwaka 2018 uliona kwamba katika siku saba za kwanza baada ya kuthibitishwa kuwa na mafua makali ya influenza, uwezekano wa kulazwa kwa mshtuko wa moyo ulikuwa mara sita ya kawaida. Watu wenye ugonjwa wa fizi pia hupata ugonjwa wa moyo zaidi, ingawa haijathibitishwa kuwa kutibu fizi peke yake kunazuia mshtuko.

Kama unaishi na VVU

Sehemu hii ni yako hasa. Hata pale dawa za ARV zinapokuwa zimevidhibiti virusi, kinga hubaki na uvimbe wa chini kwa chini. Kwa sababu hiyo, pamoja na nyingine, hatari ya ugonjwa wa moyo na mishipa kwa watu wanaoishi na VVU ni karibu mara mbili ya wengine.

Hilo lisikufanye uziogope ARV. Mwaka 2006 jaribio kubwa lilionyesha kwamba waliokuwa wakiacha dawa na kuanza tena walipata matatizo makubwa zaidi, ya moyo yakiwemo, kuliko waliozimeza bila kukatiza. Virusi visivyodhibitiwa huichokoza kinga zaidi.

Habari njema ilikuja mwaka 2023. Katika jaribio la watu karibu 7,800 wanaoishi na VVU, wenye umri wa miaka 40 hadi 75, katika nchi kadhaa ikiwemo Uganda, waliomeza pitavastatini kila siku walipata matukio makubwa ya moyo na mishipa kwa karibu theluthi moja pungufu kuliko wale ambao hawakuipata. Kama una miaka 40 au zaidi, muulize mhudumu wako wa kliniki kuhusu moyo wako, na omba upimwe presha kila unapokwenda kuchukua dawa.

Je, ninywe dawa ya kupunguza uvimbe?

Ni swali la haki, na jibu lake linaweza kuokoa maisha: usijinunulie. Dawa za maumivu na uvimbe zinazouzwa kwa wingi, kama diklofenaki na ibuprofeni, hazitibu mishipa. Zikitumiwa kwa wingi au kwa muda mrefu huweza kuongeza hatari ya mshtuko wa moyo, kupandisha presha na kuumiza figo. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilishauri kwamba wenye ugonjwa wa moyo au waliowahi kupata kiharusi wasitumie diklofenaki. Ukiumwa mgongo au magoti, mweleze anayekuhudumia kwamba una presha au tatizo la moyo kabla hajakupa kidonge.

Kolchisini, dawa ya zamani ya ugonjwa wa jongo, ilikubaliwa Marekani mwaka 2023 kwa dozi ndogo ili kuzuia mshtuko na kiharusi kwa baadhi ya wagonjwa wa moyo. Lakini majaribio hayakukubaliana yote, dawa hiyo hugongana na dawa nyingine nyingi, na ikizidi ni sumu. Uamuzi huo mwachie daktari.

Na vipi kuhusu "dawa za kuongeza kinga" au "za kusafisha mishipa" zinazotangazwa kwenye simu na mabasi? Sasa unajua kwamba ndani ya mshipa shida si kinga kuwa ndogo. Hakuna chai wala unga uliothibitishwa kufagia bonge kutoka kwenye ukuta wa mshipa. Ubaya mkubwa zaidi ni pale mtu anapoacha dawa za hospitali ili atumie hizo.

Unachoweza kufanya

Njia ya uhakika ya kutuliza vita ni kuondoa kinachovichochea.

Pima presha, hata kama huumwi. Ikionekana 140/90 au zaidi kwa vipimo vya siku tofauti, unahitaji ushauri wa daktari. Dawa ukiandikiwa, imeze kila siku. Presha ikishuka, maana yake dawa inafanya kazi, si kwamba umepona.

Acha sigara na shisha. Mwaka mmoja baada ya kuacha, hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo huwa imeshuka hadi karibu nusu ya ile ya mvutaji.

Punguza chumvi hadi chini ya gramu 5 kwa siku, yaani isizidi kijiko kimoja cha chai ukijumlisha ile iliyomo kwenye mkate na vyakula vya pakiti. Maharage, choroko, mboga za majani, matunda, samaki na karanga viwepo mara nyingi mezani. Chipsi, maandazi na nyama yenye mafuta viwe vya mara chache.

Tembea au fanya kazi ya kukutoa jasho angalau dakika 150 kwa wiki. Kama ni nusu saa kwa siku tano, inatosha.

Ukiandikiwa dawa za jamii ya statini, kama atorvastatini au rosuvastatini, elewa kazi yake. Hushusha LDL, hupunguza uvimbe, na husaidia kifuniko cha bonge kiwe imara. Hutasikia tofauti yoyote ukizimeza, kwa sababu kazi yake ni kuzuia jambo lisitokee. Zikikuletea maumivu ya misuli, rudi kwa daktari abadilishe dozi au aina. Usiziache kimyakimya.

Pima sukari pia. Na kama una zaidi ya miaka 40, una kisukari, au mzazi au ndugu yako alipata mshtuko wa moyo au kiharusi akiwa bado kijana, uliza kuhusu kipimo cha kolesteroli.

Dalili za kukimbizwa hospitali

Kifua kubana au kulemewa kwa zaidi ya dakika chache, maumivu yanayokwenda mkononi, shingoni au kwenye taya, jasho la baridi, kukosa pumzi. Kwa wanawake na wenye kisukari inaweza kuwa kichefuchefu na uchovu wa ghafla tu, bila kifua kuuma.

Uso kwenda upande mmoja, mkono au mguu kukosa nguvu ghafla, maneno kutoeleweka. Hiki ni kiharusi, hata kama kimeachia baada ya dakika kumi.

Katika hali hizi usisubiri kukuche, usimpe mgonjwa wa kiharusi chakula wala kinywaji, na usianze kwa mganga au maombi. Tafuteni usafiri kwanza. Kumbukeni saa dalili zilipoanza, kwa sababu daktari atauliza, na baadhi ya matibabu hutegemea saa hiyo.

Umesoma hadi hapa, basi fanya jambo moja wiki hii: pima presha yako, na umpeleke mwingine mmoja wa nyumbani kwako akapime, hasa yule anayesema kila mara kwamba yeye ni mzima kabisa.